Siku Tisa za Kubonyeza F1

Siku tisa mfululizo, kila nilipowasha mashine ya dukani asubuhi, maandishi meupe yalitokea kwenye skrini nyeusi kabla Windows haijafunguka. Mistari miwili ya Kiingereza: hali ya hadi diski (kifaa cha ndani kinachotunza mafaili yote) ni mbaya, hifadhi kazi zako pengine kisha badilisha diski, bonyeza F1 kuendelea. Nikabonyeza F1. Saa moja na nusu asubuhi watu wako mlangoni, mwanafunzi anataka kuprinti kabla ya kipindi, mama wa watu anataka kopi ya kitambulisho awahi daladala, na mashine ukishabonyeza F1 inawaka kama jana. Siku ya kumi Windows haikufunguka.

Nina steshenari Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Mwaka ule, 2022, duka lilikuwa limefikisha miaka 11. Tunachapa, tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti, tunatengeneza kadi za harusi na za michango, tunafunga ripoti za wanafunzi wa vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe. Na tunatengeneza wasifu wa marehemu. Hiyo kazi ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Mtu akifiwa, ndugu wanakuja alfajiri na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu na picha. Mara nyingi ni picha moja tu, ya pasipoti, imebanduliwa kwenye kadi ya kliniki au kwenye fomu fulani ya zamani. Naiskani, naikuza, nafuta mikunjo na madoa, naprinti ile kubwa ya kuwekwa mbele ya jeneza, kisha nachapa wasifu. Msiba ukiisha karatasi zinapotea, na picha yenyewe ya asili inapotea. Inayobaki ni ile iliyomo kwenye mashine yangu, ndani ya folda niliyoipa jina MAREHEMU, yenye folda ndogo 1,316, kila moja na jina la mtu. Ndugu hurudi baada ya mwaka wakijenga kaburi, au baada ya miaka sita, mtoto amekua anataka kumwona baba yake. Nilikuwa nawaambia wote neno moja: "Msijali, ipo kwenye kompyuta."

"Kwenye kompyuta" maana yake ilikuwa hadi diski moja ya GB 500, iliyokuja ndani ya mashine ya mtumba. Diski ya namna ile ina sahani za chuma zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa hewa tu. Nafasi kati ya kichwa na sahani ni ndogo kuliko chembe ya moshi. Ya kwangu ilizunguka saa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, kwenye duka lenye vumbi la barabarani na umeme wa kukatika na kurudi. Ilifanya kazi yake yote na zaidi. Mimi ndiye niliyeiomba ibebe vitu ambavyo hakuna kifaa kimoja kinachopaswa kuvibeba peke yake.

Dalili zilikuwepo kabla hata ya yale maandishi. Folda ya picha ilikuwa inafunguka taratibu, ule mstari wa kijani juu unatambaa. Mashine inaganda nusu dakika, halafu inaendelea. Kijana wangu wa dukani alikuwa akisema mtandao uko chini, wakati kazi yenyewe wala haihitaji mtandao. Kisha ukaanza mlio: tik, kimya kidogo, tik, halafu mkwaruzo mfupi kama mtu anayefuta kitu kwa ukucha. Mlio ule ni kichwa kinachoshindwa kusoma mahali, kinarudi mwanzo, kinajaribu tena. Ukiusikia dukani au nyumbani kwako, acha kila unachofanya.

Mimi sikuacha. Siku ile ya kumi, Alhamisi, masika inapiga bati, Windows ilikataa kufunguka na badala yake ikajianzishia ukaguzi wa diski. Asilimia 4, asilimia 11. Nikaona heri, inajitibu. Nikaiacha saa nzima na dakika kadhaa. Ndilo kosa lililonigharimu kuliko zile siku tisa zote. Ukaguzi ule umetengenezwa kwa ajili ya diski yenye afya ambayo orodha yake ya mafaili imevurugika, labda kwa umeme kukatika. Kwenye diski inayokufa, kila inaposhindwa kusoma mahali inaamua kwamba faili lile limeharibika, inalikata, inavitupa vipande kwenye folda mpya iitwayo FOUND.000 kwa majina yasiyo na maana: FILE0000.CHK, FILE0001.CHK. Na wakati wote huo inaiandika diski ambayo haipaswi kuandikwa hata herufi moja, na kuikimbiza huku na huko.

Fundi wa jirani alikuja, kijana mzuri tu, mwenye haraka. Akasikiliza, akasema, "Hapo mama ni kupiga windo tu, nusu saa nakukabidhi." Maana yake kuifuta na kuweka Windows upya. Nikamuuliza mafaili je. Akasema atayahamishia kwenye D kwanza. Nilitazama: C na D zote ziko ndani ya diski ileile, zimegawanywa tu kama chumba kilichowekewa pazia katikati. Mwingine aliyekuwa anasubiri fotokopi akasema alisikia diski ikifungwa kwenye mfuko wa nailoni ikalazwa kwenye friza inapona. Wa tatu akasema tuifungue tuone kilichokwama. Wote walitaka kunisaidia. Lakini ya friza inaleta unyevu ndani ya sahani, na ya kuifungua ni kuingiza vumbi mahali ambapo hata moshi haupiti. Nikashukuru, nikampigia simu mtoto wa dada yangu, anasoma Dodoma mambo ya kompyuta.

Alinisikiliza sentensi mbili. "Mama mdogo, hiyo mashine imewaka sasa hivi?"

"Imewaka, iko asilimia 30."

"Zima. Usisubiri izime yenyewe, chomoa waya ukutani. Halafu mtu yeyote asiiwashe mpaka nije."

Nikachomoa. Duka likanyamaza, nikasikia mvua.

Alinieleza kwa simu jambo ambalo naona ndilo la kushika hapa. Diski inayokufa haitibiwi. Hakuna programu inayoiponya, hakuna mafuta ya kuipaka. Unachokuwa nacho ni saa kadhaa zilizobaki za kusoma, hujui ngapi, na kila dakika inayozunguka unazitumia. Kwa hiyo unaizima mapema, unajiandaa vitu vyote pembeni, ndipo unaiwasha kwa kazi moja tu: kusoma, kwa mpangilio, na kuandika kile ilichosoma kwenye diski nyingine yenye afya.

Ijumaa asubuhi nikaagiza SSD, diski ya kisasa isiyo na sahani zinazozunguka, kutoka Kariakoo, iletwe kwa basi. Mtoto alikuwa ameniambia ya GB 500 au zaidi. Muuzaji akasema ya 500 imekwisha, ipo ya 480, "ni zilezile". Nikalipa 95,000. Jioni nikaenda kuupokea mzigo Msamvu, nikarudi nimefurahi, na mtoto alipofika usiku na basi la Dodoma, nikampa kiboksi kabla hajanywa chai. Akakigeuza, akasoma.

"Mama mdogo, hii ni 480."

"Si tofauti ndogo?"

"Ndogo, ila diski yako ina GB 500, na hii ikijaa zinabaki 20 hazina pa kukaa. Kunakili diski nzima juu ya diski ndogo hakuwezekani, hata kama zile 20 ni tupu."

Wengi wanachanganywa na hesabu hii kwa sababu Windows ina hesabu yake. Diski ya GB 500 inaonyeshwa kama 465, na ya 480 inaonyeshwa kama 447. Mtu anaona 465, anaenda dukani anaona kwenye boksi imeandikwa 480, anajua imezidi. Haijazidi. Linganisha kilichoandikwa kwenye boksi na kilichoandikwa kwenye lebo ya diski, na ya kupokelea iwe sawa au kubwa. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nikanunua tena diski ya nje ya TB 1, hapahapa mjini, kwa bei ambayo Kariakoo wangenicheka. Baadaye niliona ilikuwa heri. Ile ya nje ikawa ndiyo chumba cha kupokelea, na SSD ikabaki safi kwa Windows mpya. Na hadhari moja: hizi flashi za TB 1 au 2 zinazouzwa kwa elfu ishirini, ndani mara nyingi ni GB 32 zilizodanganywa ziseme kubwa. Zinapokea mafaili yote bila kulalamika, kisha ukifungua hakuna kitu. Usihamishie msiba wa watu huko.

Usiku ule wa Ijumaa, kabla ya ununuzi huo wa pili, tuliiwasha kwa dakika chache. Hatukuiwasha kwa Windows. Mtoto alikuja na flashi yenye Ubuntu, mfumo unaowaka kutoka kwenye flashi yenyewe bila kugusa diski ya ndani. Akaisomea diski taarifa zake. Kila hadi diski inajiandikia kumbukumbu za afya yake, zinaitwa SMART, na kuna mistari mitatu ya kutazama. Wa kwanza ni sekta zilizohamishwa: diski imegawanyika vijisehemu, na ina vya akiba, kimoja kikioza inahamia kwenye cha akiba. Kwenye diski yenye afya namba hiyo kwa kawaida ni sifuri. Yangu ilisoma 1,184. Wa pili ni sekta zinazosubiri, zile ambazo imeshindwa kuzisoma na haijaamua la kufanya: 296. Wa tatu ni zilizoshindikana kabisa. Mtoto hakusema kitu, aliziandika tu kwenye daftari la duka, pembeni ya hesabu za karatasi.

Kulikuwa na jambo moja lisiloweza kusubiri. Binti mmoja mwanafunzi alikuwa ameacha kwangu tasnifu yake niipange kurasa, Jumatatu anawasilisha, na nakala yake mwenyewe ilikuwa kwenye flashi aliyoipoteza. Alikuwa amekuja Alhamisi na Ijumaa, anasimama mlangoni, "Shikamoo mama, bado?" Faili lenyewe halifiki MB 4. Tukaifungua diski kwa kusoma tu, tukaingia moja kwa moja folda ilipo, tukalinakili. Mara ya kwanza likakwama katikati. Mara ya pili likapita. Tukalifungua kwenye simu, kurasa zote 94 zipo.

Hapo nikasema, basi tuchukue na ile folda ya harusi ya kesho kutwa. Mtoto alisita, akanipisha. Folda ile ilikuwa na picha nyingi ndogondogo zilizotapakaa kila kona ya diski. Mstari ukasimama, mlio ukaanza, tik, tik, tik, dakika ishirini nzima, tukapata picha tisa. Akazima. "Ulichokuwa na haraka nacho umekipata, mama mdogo. Sasa tuache kuokotaokota." Kunakili faili mojamoja kunakifanya kichwa kirukeruke, huku na kule, na kikikutana na sehemu mbovu kinang'ang'ana hapohapo mpaka kinaimaliza diski yenyewe. Kama ni mafaili mawili matatu ya kufa na kupona, yachukue kwanza. Ukiyapata, simama.

Jumamosi saa kumi jioni tukaanza kazi yenyewe. Nilibandika vipande vya plasta, kimoja nikaandika MGONJWA, kingine MPYA, kwa sababu mtoto alinieleza kwamba programu ya kunakili inapokea majina mawili, inakotoka na inakoenda, na ukiyageuza utaanza kuifuta diski ya watu kwa diski tupu ndani ya sekunde chache. Akayasoma majina kwenye skrini kwa sauti, na ukubwa wa kila moja, nami nikayahakiki kwenye lebo. Ndipo akabonyeza.

Programu inaitwa GNU ddrescue, ni ya bure, na tofauti yake na kunakili kwa kawaida ni ustaarabu wake. Inaanza mwanzo wa diski inasoma kwa kunyooka, haijali faili hili ni la nani. Ikikutana na mahali pagumu haing'ang'anii. Inaruka mbele, inaweka alama, inaendelea kuvuna palipo pazima. Mahali pagumu inaparudia mwishoni, kila kilicho chema kikiwa kimeshaokolewa. Na alama zote inaziandika kwenye faili dogo, ramani, linaloonyesha palipopatikana, palipokataa, na pasipojaribiwa bado. Mtoto alisisitiza ramani ile ikae kwenye diski ya nje pamoja na nakala, isikae kwenye Ubuntu ya flashi, kwa sababu kilichoko kwenye flashi ile kinafutika mashine ikizima. Nilidhani ni maneno ya kishule. Diski ya nje nayo tuliipanga upya kwanza isiwe ya FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, maana FAT32 haikubali faili moja lizidi GB 4, na nakala yetu ingekuwa faili moja la GB 500.

Mashine yangu ni ya zamani, USB yake ni 2.0, kwa hiyo mwendo ulikuwa kama MB 30 kwa sekunde. Namba za GB zikapanda vizuri: 50, 100, 180. Diski tulikuwa tumeitoa kwenye kasha tukailaza juu ya gazeti na feni ya meza ikiipuliza, kwa kuwa ilikuwa na joto la kikombe cha uji. Ilipofika kama 210, mwendo ukaanguka. MB 30, MB 2, kilobaiti, sifuri. Mlio ukarudi. Programu ikaruka, ikapata kidogo, ikaruka tena. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikiangalia namba ile kama mtu aliye nje ya wodi. Nilijua folda ya MAREHEMU ilikuwa imejengwa kwa miaka 11, kipande huku na kipande kule, hivyo popote palipooza palikuwa na mtu wangu.

Saa tisa usiku umeme ukakatika. UPS yangu, betri ya dharura, inashika dakika kumi. Mtoto alikuwa amelala kwenye busati nyuma ya kaunta, nikamwamsha, akasimamisha programu kwa utaratibu na kuzima kila kitu kabla UPS haijaisha. Hofu yake ilikuwa moja: diski iliyochoka ikishapoa, kuna zinazokataa kuzunguka tena. Umeme ulirudi saa kumi na mbili asubuhi. Tukawasha, diski haikuonekana. Tukazima, tukasubiri, haikuonekana. Mara ya tatu ikavuma, ikagonga mara mbili, ikaonekana. Akaipa programu ramani ileile, nayo ikaendelea pale ilipoachia bila kurudia hata GB moja. Bila lile faili dogo tungeanza upya tangu sifuri, na sidhani kama diski ile ilikuwa na mwanzo mwingine ndani yake.

Jumapili saa nane mchana mzunguko wa kwanza uliisha, ukiacha MB 212 hazijasomwa. Tukairuhusu irudie sehemu ngumu, mara tatu kila moja. Usiku saa nne zilibaki MB 61, na zikagoma hapo. Zaidi ya asilimia 99.98 ilikuwa imeokolewa. Mtoto aliruka kwa furaha, na ni haki yake, kwa diski ile ni matokeo makubwa. Mimi niliuliza hizo 61 ni za nani.

Jibu lilichukua wiki mbili. Mtoto alirudi Dodoma Jumatatu, mimi nikabaki na kazi ya kufungua. Jambo ambalo nisingeamini kama nisingeliona: faili linaweza kuwepo, jina lake sahihi, ukubwa wake sahihi, na ndani limetoboka. Kuhesabu mafaili na kulinganisha ukubwa hakutoshi. Lazima ufungue. Nilifungua kila picha ya folda zile 1,316, usiku baada ya kufunga duka, na kuweka alama kwenye daftari. Picha iliyokosa sekta haifanani na picha chafu. Inaanza juu vizuri, halafu kwenye mstari fulani ulionyooka kama wa rula inageuka kijivu mpaka chini, au rangi inaruka, ngozi inakuwa kijani.

Picha saba zilikuwa hivyo. Na kwenye FOUND.000 kulikuwa na vipande 83, kazi ya ile saa moja ya ukaguzi. Kwa maelekezo ya mtoto nilibadilisha mwisho wa majina yao, nikaondoa CHK nikaweka jpg, mwisho wa majina ya picha, kimoja kimoja. Vipande 31 vikafunguka vikawa sura za watu, bila majina. Wengine niliwakumbuka. Wengine niliwatambua kwa kulinganisha na wasifu. Wanne mpaka leo siwajui, nimewaweka kwenye folda yao.

Miezi mitatu baadaye alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Mvomero. Nilimwamkia, "Shikamoo baba." "Marahaba binti yangu." Alikuwa anajenga kaburi la mkewe, anataka picha ya kuweka kwenye kigae. Niliitengeneza mimi, 2017. Nilipotafuta jina nikajua kabla sijafungua, lilikuwa miongoni mwa yale saba. Kitambaa cha kichwani kilikuwepo, cha njano, na paji la uso, na macho. Chini ya macho kijivu.

Nikamweleza. Sikujua namna ya kumweleza mzee habari za sekta, nikamwambia mashine iliugua na mimi nilichelewa kuitoa picha ya mama. Nikamuuliza ile ya asili, akasema ilikuwa kwenye kadi, nyumba ilivuja. Akasogea karibu na skrini, akavaa miwani, akatazama kwa muda. Kisha akasema, "Nitolee hiyohiyo." Nikakata ile sehemu ya kijivu, nikamtolea yale macho na kitambaa, kwenye karatasi nzuri. Hakukubali nisichukue hela.

Sasa siwaambii watu ipo kwenye kompyuta. Kazi ya msiba ikiisha, ndugu wanaondoka na picha kwenye simu zao papo hapo. Naituma kwa WhatsApp kama dokumenti, si kama picha, kwa sababu ukituma kama picha inabanwa na kupungua ubora. Namtumia aliyelipa na ndugu mwingine mmoja, wa mbali ikiwezekana.

Kuhusu mashine yenyewe, SSD tuliipigia Windows mpya. Hatukunakili ule mfumo wa zamani, kwani matundu ya zile MB 61 yangeweza kuwa ndani yake, na ulikuwa umebeba virusi vya flashi za wanafunzi kwa miaka. SSD ni ndogo kuliko nafasi ya diski ya mezani. Tuliishika kwa skrubu mbili upande mmoja na inatosha, haina kinachozunguka ndani. Inawaka kwa muda wa kufungua dirisha la duka. Kilichonisumbua ni fonti, yaani mitindo ya herufi. Nilirudisha nyaraka, picha, kadi, nikaona nimemaliza, na kadi ya kwanza ya harusi niliyoifungua maandishi yote yalikuwa yamegeuka, majina ya bwana na bibi harusi yamekaa kama tangazo la mnada. Fonti nilizokusanya miaka yote hukaa ndani ya folda ya Windows, si kwenye nyaraka zangu. Kwa kuwa tulikuwa na nakala ya diski nzima, siyo ya folda tu, nilirudi nikazichukua. Vivyo hivyo anwani za barua pepe, na vilivyokuwa vimerundikana kwenye skrini ya mbele.

Ile diski ya nje ya TB 1 kila Jumamosi naichomeka, nanakili mapya, naichomoa, naenda nayo nyumbani kwenye mkoba. Haikai imechomekwa, kwa sababu radi au kirusi vikipiga mashine vitapiga na chochote kilichoungwa nayo. Kila mwanzo wa mwezi natazama zile namba za SMART kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo na kuziandika kwenye daftari lilelile. SSD haina mlio. Ikifa inaweza kufa kimya, asubuhi tu haipo, haikupi hata zile siku tisa.

Diski ya zamani fundi wa jirani aliitaka kwa shilingi 5,000, atoe sumaku na bodi. Nilikataa. Ndani yake mna skani za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya shule, mikataba ya viwanja, barua za talaka za watu waliokuja kuchapa kwangu kwa kuniamini, na sehemu kubwa yake bado inasomeka kwa mwenye subira. Niliihifadhi kwenye boksi miezi minne, mpaka nilipohakikisha hakuna tena cha kurudia. Kisha nikaipeleka kwa fundi wa mageti, nikamwomba aitoboe kwa drili matundu matatu, yapite mpaka upande wa pili. Drili ilipofika kwenye sahani ilibadilisha sauti, ikalia juu, na vipande vinavyong'aa kama kioo cha kujitazamia vikaanguka kwenye vumbi. Nilivikusanya kwenye mfuko. Nikamlipa elfu mbili, nikarudi dukani, watu watatu walikuwa wananisubiri niwatolee kopi.